Mechi Inayouma: Namna ya Kuwaongoza Watoto wa Besiboli Baada ya Kushindwa

Timu ya watoto inaweza kupigwa kwa tofauti ya pointi 12, na nusu saa baadaye wote wakawa wanakimbizana na kucheka. Mechi inayouma ni ile nyingine. Mnaongoza, amebaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa, mpira mwepesi unabiringika kuelekea besi ya pili (kimoja cha vituo ambavyo mkimbiaji hupitia), unapita chini ya glavu, na ghafla wanaokumbatiana ni wapinzani.

Besiboli ina ukatili wake hapa, na kocha anapaswa kuuelewa kabla hajafungua mdomo. Mchezo hauna saa; unagawanywa kwa iningi, na katika kila iningi timu hupiga hadi wachezaji wake watatu watolewe. Anayeongoza hawezi kupoteza muda mpaka filimbi ilie. Ni lazima amtoe mtu wa mwisho. Tena kila kosa lina mwenyewe. Kwenye soka goli likiingia, lawama huenda kwa mabeki, kipa na kiungo aliyepoteza mpira. Hapa mpira ulikuwa ukimwendea mtoto mmoja, watu wote wakimtazama, na ubao wa matokeo una safu maalumu ya kuhesabu makosa. Mtoto wa miaka kumi anabaki nalo peke yake.

Ninachokishikilia kuliko vyote ni hiki: baada ya mechi ya namna hiyo, maneno ya kocha yagawanywe kwa nyakati. Machache sana uwanjani, ya faragha kwa mtoto anayeyahitaji, na ya mafunzo siku ya mazoezi. Makocha wengi huyamwaga yote katika dakika tano za kwanza, wakati ambao mtoto hasikii kitu zaidi ya sauti ya kocha kupanda na kushuka.

Hatua ya kwanza: tuliza uso wako, kisha nenda kwenye foleni ya mikono

Pointi ya ushindi ikishaingia, watoto watageuka kukutazama. Vuta pumzi. Tembea taratibu kuelekea foleni ya kupeana mikono, na uwe wa kwanza kumpa mkono kocha mwenzako. Mtajie jambo moja la kweli uliloliona kwa timu yake: jinsi mtupaji wake wa pili (anayemrushia mpigaji mpira) alivyobadilisha kasi, au jinsi watoto wake walivyokimbia kwa akili kati ya besi. Walio nyuma yako watasikia, na hilo ni somo tosha kwa siku hiyo.

Anayelia aachwe alie humo humo kwenye foleni. Machozi hayavunji adabu. Kinachovunja adabu ni kubamiza kofia ngumu chini, kupiga teke mfuko wa magongo, au kuurudisha mkono nyuma wakati mwenzake anaunyoosha. Hayo yazuie pale pale, kwa sauti ya chini na maneno machache: "Okota kofia, twende." Mahubiri yasubiri.

Hatua ya pili: dakika tatu kwenye nyasi

Usizungumzie benchini. Pale wazazi wako nyuma ya wavu, wapinzani wanapiga picha, na mtoto anashindwa kujua amtazame nani. Wapeleke mbali kwenye nyasi za uwanja wa nyuma, wapige goti, nawe piga goti nao ili macho yenu yawe sawa.

Mwaka 2014, kwenye fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, huko South Williamsport, Pennsylvania, timu ya Cumberland kutoka Rhode Island ilitolewa kwa 8-7 na timu ya Chicago. Kocha wake, Dave Belisle, aliwakusanya watoto uwanja wa nyuma, na kwa kuwa alikuwa amevaa kinasa sauti cha televisheni, Marekani nzima ilisikia alichosema. Watu hukumbuka hisia zake. Mimi nakushauri utazame ufundi wake: aliwaambia wainue vichwa, akawaambia waziwazi kwamba anajivunia na kuwapenda, akaruhusu machozi, hakutaja kosa la mtu yeyote, akamalizia kwa kuwakumbatia.

Wewe huna haja ya kuwa msemaji. Unahitaji mambo matatu tu: kukiri kwamba imeuma, kutaja kitu kimoja au viwili ambavyo kweli vilitokea, na kuwaambia mtakutana lini. Kwa mfano:

"Jamani, imeuma. Hata mimi imeniuma. Iningi ya nne tulikuwa nyuma kwa pointi tatu na hakuna aliyekaa chini. Mlisimama wote kwenye wavu mnamshangilia mpigaji. Hiyo niliiona. Mechi hii tutaizungumza siku ya mazoezi, leo hapana. Leteni mikono katikati."

Hapo umemaliza. Sifa ziwe za jambo linaloweza kuonyeshwa kwa kidole. Ukisema "mmecheza vizuri sana" na kila mmoja anajua kwamba kipindi kizima cha mwisho mlicheza vibaya, umejipunguzia imani ya watoto kwa sifa zako zote zijazo.

Yapo maneno yanayotoka kirahisi na yanayofaa kumezwa. "Ni mchezo tu" humwambia mtoto kwamba maumivu yake ni ya kijinga, ilhali ni wewe uliyemwambia kwa wiki nzima kwamba mchezo huu ni muhimu. "Tutawalipizia" ni ahadi usiyo na uwezo wa kuitimiza. Na asiyekubali kushindwa si mshindani, ni kweli kabisa, lakini methali hiyo akirushiwa mtoto ambaye bado anapangusa macho huwa ni kofi. Iweke akiba kwa ajili ya mazoezi.

Hatua ya tatu: mtoto aliyepitwa na mpira

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi.

Usimkimbilie mbele ya wenzake, maana utakuwa umemwashia taa. Usimkwepe pia, kwa sababu ataona kimya chako na kukifasiri kwamba umemchoka. Subiri watoto waanze kufungasha vifaa, kisha mpe kazi inayomleta karibu nawe: "Njoo unisaidie kubeba mfuko wa mipira." Tembeeni. Au kaeni ubavu kwa ubavu mkitazama uwanja, kwa maana mtoto anayeona aibu huzungumza kwa urahisi zaidi asipolazimika kukutazama usoni.

Kaa kimya kidogo kwanza. Akianza yeye kusema, msikilize mpaka mwisho. Asiposema, sema wewe, na usiseme uongo. "Hukukosa" ni uongo, naye anajua. Mwambie: "Mpira ulikupita, kijana wangu. Inauma. Na mazoezi yajayo utasimama besi ya pili kama kawaida."

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko faraja yoyote. Kinachomtafuna mtoto usiku ni swali la kama bado ana nafasi yake: kwenye timu, machoni pa wenzake, machoni pako. Mjibu swali hilo kabla hajalala. Usimuulize kwa nini ilitokea. Usimweleze habari za kushusha glavu mpaka ardhini wala kuweka mwili mbele ya mpira, hata kama umeona wazi kilichokosekana. Ufundi una siku yake.

Mara nyingi atakwambia, "Kocha, mimi ndiye niliyetupotezea mechi." Ukipata mtoto mkubwa kidogo anayependa habari za mchezo, msimulie kisa cha Bill Buckner, mchezaji wa besi ya kwanza wa Boston aliyelaumiwa kwa kupoteza ubingwa, na usimulie chote, maana wengi hukisimulia nusu. Tarehe 25 Oktoba 1986, katika mechi ya sita ya World Series (fainali ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, inayoweza kufika mechi saba), Boston Red Sox waliongoza 5-3 dhidi ya New York Mets katika iningi ya kumi, wapigaji wawili wameshatolewa na hakuna mtu kwenye besi. Wapigaji watatu wa Mets mfululizo wakapata mapigo salama (yanayomfikisha mpigaji kwenye besi), na ikawa 5-4. Kisha mtupo mmoja wa Boston ukampita mdakaji, anayekaa nyuma ya mpigaji, na mkimbiaji akaingia: 5-5. Ndipo Mookie Wilson alipopiga mpira uliobiringika hadi besi ya kwanza na kupita katikati ya miguu ya Buckner, na Mets wakashinda. Kwa hiyo mpira ule ulipompita, uongozi ulikuwa umeshapotea. Na bado ilikuwepo mechi ya saba, ambayo Boston waliongoza 3-0 kabla ya kushindwa 8-5. Buckner alimaliza maisha yake ya mchezo akiwa na mapigo salama 2,715. Mwaka 2008 alirudi Fenway Park, uwanja wa Boston, kurusha mpira wa kufungua msimu wa nyumbani, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi.

Kwa mtoto mdogo, achana na historia na ufungue daftari lako la mechi. Mwonyeshe: mara ngapi sisi tuliacha wakimbiaji wawili kwenye besi bila kuwaingiza, mara ngapi tuliwapa wapinzani besi ya bure kwa mitupo minne nje ya eneo. Chunga jambo moja: sema "sisi" kila mahali na usitaje jina. Usimwondolee huyu mzigo kwa kumtwika mwenzake.

Wenzake nao wana sehemu yao. Tafuta mtoto ambaye wengine humfuata, mara nyingi mtupaji au mdakaji, umnong'oneze aende akae na mwenzake. Haihitajiki hotuba ya msamaha. Kukaa tu kunatosha, na ikiwezekana waongee habari nyingine kabisa. Ukimsikia mmoja akisema "umetupotezea", mwite pembeni muda huo huo. Muulize aliposimama na gongo mara ya mwisho akatolewa kwa straiki tatu, yaani bila kufanikiwa kupiga, alitaka wenzake wamwambie nini. Swali hilo lisiulizwe mbele ya kundi.

Mtupaji aliyepigwa mpira wa mwisho ni suala tofauti kidogo. Kama mtupo wake ulikuwa mzuri na mpigaji akaupiga vizuri zaidi, hakuna kosa hapo, na aambiwe hivyo hivyo.

Kesho yake wasiliana na nyumbani kwa yule aliyepitwa na mpira. Simu ya dakika mbili, ongea na mzazi kwanza na kisha mtoto. Mkumbushe saa ya mazoezi. Basi.

Hatua ya nne: mwamuzi

Usimlaumu mbele ya watoto, hata kama alikosea, na hata kama kila mtu aliona. Ukimkabidhi mtoto mwamuzi kama sababu ya kushindwa, umemnyang'anya kila kitu anachoweza kukirekebisha mwenyewe. Kama kuna malalamiko ya kikanuni, yapelekwe kwa waandaaji bila watoto kujua kinachoendelea.

Wakibaki na hasira, wape mfano wa Armando Galarraga, mtupaji wa Detroit Tigers. Tarehe 2 Juni 2010 alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo. Wa 27 alitolewa dhahiri kwenye besi ya kwanza, lakini mwamuzi Jim Joyce akasema amefika salama, na mechi kamilifu (wapigaji wote 27 kutolewa bila hata mmoja kufika besi) ikapotea. Galarraga alitabasamu, akarudi kwenye kilima cha mtupaji, akamtoa mpigaji aliyefuata. Joyce alipoona marudio ya picha alikiri kosa lake hadharani. Siku iliyofuata Galarraga ndiye aliyempelekea orodha ya wachezaji kwenye besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, na Joyce akafuta machozi. Watoto huelewa kisa hiki haraka kuliko watu wazima.

Hatua ya tano: wazazi

Hili lifanyike mwanzoni mwa msimu, maana siku ya kipigo umechelewa. Kubalianeni kwamba njiani kurudi nyumbani mzazi haanzi mazungumzo ya mechi. Mtoto akitaka ataanza mwenyewe. Mpeni maji, mpeni chakula, mwacheni atazame dirishani. Mzazi anayetaka kukuuliza kwa nini ulimtoa mtupaji iningi ya tano, na ana haki ya kuuliza, asubiri kesho. Siku ya mechi hakuna atakayesikilizana na mwenzake.

Hatua ya sita: daftari, usiku huo huo

Andika kabla kumbukumbu haijajipamba. Gawa mambo katika mafungu matatu: yale ya bahati (mpira uliogonga jiwe ukabadili njia), yale ya ufundi ambao watoto hawajaujua bado, na yale ya maamuzi yako mwenyewe. Fungu la tatu lina thamani kubwa. Ukigundua ulimwacha mkimbiaji aende besi ya nyumbani wakati haikufaa, mazoezi yajayo useme mbele ya wote: "Uamuzi ule ulikuwa wangu na haukuwa mzuri." Watoto wakikuona ukibeba lako bila kuanguka, watajifunza namna ya kubeba yao.

Kama kesho kuna mechi nyingine, hesabu mitupo ya kila mtupaji kabla ya kupanga chochote. Uchungu wa kushindwa ndio humfanya kocha amrudishe mtupaji wake bora mapema mno. Kanuni za Little League zinaruhusu mitupo 85 kwa siku kwa mtoto wa miaka 11 au 12, na wenye miaka 14 kushuka chini wakifikisha 66 au zaidi lazima wapumzike siku nne. Bega la mtoto halijui kwamba jana mlishindwa kwa pointi moja.

Hatua ya saba: mazoezi yanayofuata

Anza kwa mduara wa dakika kumi hivi, na waongee wao. Swali la kwanza: ni wapi tulicheza vizuri kuliko kawaida yetu? Swali la pili: ni hali gani mngependa tupewe tena? Lile la pili nalipenda sana, kwa sababu watoto wenyewe watataja mpira ule wa mwisho, na watautaja kama kitu wanachokitaka wala si kitu wanachokikimbia.

Kisha wape. Jengeni hali ile ile: wawili wametolewa, mkimbiaji yuko besi ya tatu, mnaongoza kwa pointi moja, mpira unabiringika kuelekea besi ya pili. Kila mtoto apite kwenye nafasi ile, pamoja na mdakaji na wale wa uwanja wa nyuma ambao kwa kawaida hawachezi pale. Anza kwa kubiringisha mpira kwa mkono, taratibu. Halafu upigwe kwa gongo. Halafu ongeza mkimbiaji anayekimbia kweli. Mwisho walio benchini wapige kelele kadiri wawezavyo. Kila mmoja atapitwa na mpira angalau mara moja, na hapo timu nzima inaelewa kwa miili yao kwamba mpira ule haukuwa mwepesi kama ulivyoonekana kutoka benchini.

Usimchukue yule mtoto peke yake na kumpigia mipira hamsini huku wengine wakifanya zoezi jingine. Hata ukiwa na nia njema, yeye na wenzake wataiona ni adhabu. Kuzungushwa uwanja kwa sababu mlishindwa ni adhabu pia, na adhabu hufundisha kuogopa mpira. Wanasaikolojia Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington walifundisha makocha wa besiboli ya watoto kufanya kinyume: kutia moyo baada ya kosa, kisha kuelekeza ufundi, bila kuadhibu. Katika utafiti waliofanya na Nancy Barnett, uliochapishwa mwaka 1992, asilimia 26 ya watoto wa makocha ambao hawakupata mafunzo hayo hawakurudi msimu uliofuata; kwa makocha waliofundishwa ilikuwa asilimia 5. Timu za makundi hayo mawili hazikutofautiana kwa ushindi.

Siku hiyo hiyo, chagueni ishara ya kuanza upya. Baada ya kosa, mtoto ana sekunde chache tu kabla ya mtupo unaofuata, na mikono yake inahitaji kazi. Wengine huchota vumbi na kulitupa kando, wengine hugusa ukingo wa kofia. Waache watoto wachague, wewe weka kanuni mbili: mwenye kosa akifanya ishara, wenzake wote wanaijibu, na mara baada ya hapo mmoja anataja kwa sauti idadi ya waliotolewa, akionyesha kwa vidole. Kutaja idadi hurudisha akili kwenye mchezo, kwa sababu huwezi kuitaja bila kujiuliza mpira ukija kwangu naupeleka wapi.

Wakishachoka, wakalishe uwaambie kuhusu Ted Williams, ambaye mwaka 1941 alimaliza msimu na wastani wa upigaji wa .406. Maana yake ni kwamba mpigaji huyo, mmoja wa walio bora kuliko wote waliowahi kushika gongo, alishindwa karibu mara sita katika kila kumi, katika msimu wake mzuri kupita yote. Kisha wacheze mchezo wowote wa kufurahisha hadi muda uishe.

Hatua ya nane: mechi inayofuata

Mtoto aliyepitwa na mpira mpange pale pale, tangu iningi ya kwanza. Usimshushe chini kwenye orodha ya wapigaji. Watoto husoma orodha hiyo kwa makini, na mabadiliko madogo watayapa maana kubwa.

Huenda akakuomba ahamie uwanja wa nyuma. Kwenye mazoezi mkubalie siku moja, lakini mweleze kwamba kwenye mechi ataanza nafasi yake, walau kwa iningi mbili, ili kumbukumbu ya mwisho aliyonayo pale isiwe ule mpira uliompita. Mpira wa kwanza utakaomwendea utamtia hofu. Hakikisha mwenzake wa besi ya kwanza amezungumza naye kabla. Akiukosa nao, ishara yenu ya kuanza upya ndiyo imepata kazi yake, nawe kaa ulipo, usiite muda wa mapumziko.

Na uangalie yanayotokea nje ya uwanja. Mtoto anayeumwa tumbo kila siku ya mazoezi, asiyelala, au anayesema anataka kuacha wiki mbili baada ya mechi ile, hahitaji mazoezi zaidi. Kaa na wazazi wake, muulizeni pamoja anachotaka, na mkubaliane awe huru kupumzika mechi moja akiwa bado ameketi benchini na jezi yake. Akiomba mwenyewe kutolewa katikati ya mchezo, mtoe bila maswali, na iningi inayofuata umuulize kama yuko tayari kurudi, ikiwa kanuni za ligi yenu zinaruhusu.